Sakafu ya Shosho

Harufu ya vanishi ilijaa nyumba nzima wiki ile, ikaingia kwenye mablanketi, kwenye chai, hata kwenye ugali. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Olenguruone, ambako baridi ya Mau hupenya hadi mifupani, na baba alikuwa ameamua kumwekea mama yake, Shosho wetu, sakafu ya mbao za paini chumbani kwa sababu saruji ilimuumiza magoti. Fundi aliitwa Barasa, mwanamume mpole aliyevua viatu mlangoni na kufanya kazi kwa soksi nene za sufu. Shosho, aliyehamia kitandani kwangu kwa muda, hakumwamini tangu siku ya kwanza. Alipomwona akipiga msasa, alisema anazipunguza mbao unene makusudi ili zivunjike upesi. Alipomwona akipaka kitu chepesi kisicho na rangi, alinivuta mkono. “Umeona? Anapaka maji!”

Barasa alimsikia, akacheka kidogo. “Shosho, paini inakunywa rangi ovyo. Nisipoituliza na hii kwanza, itatoka madoa madoa.”

Rangi ya kahawia ilipofuata, Shosho aliniambia kwamba ile ni oili chafu ya magari, ambayo watu hupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Akaniagiza niwe jicho lake. Nami, nikijiona mtu mzima, nilichungulia kila mara fundi alipoinama, nikanusa brashi zake, nikaanza kuona ujanja hata alipokuwa akifuta jasho tu.

Alipomaliza kupaka vanishi ya mwisho, Barasa alirudisha mlango na kuagiza mtu asikanyage mpaka kesho kutwa. Kesho yake alikuja kukagua, akatuita. Katikati ya sakafu iliyong'aa kulikuwa na alama tatu za mguu mtupu wa mtu mzima.

“Fundi, hii ni nini?” baba aliuliza.

“Mzee, mimi siingii bila soksi.”

“Jana mimi na mke wangu tulikuwa shambani, watoto shule. Ni nani mwingine alikuwa na kazi humu ndani?”

Hakuna aliyemfikiria Shosho. Nani humshuku mama yake? Barasa alichukua msasa, akapiga magoti na kuanza upya, huku baba amesimama mlangoni, mikono kifuani. Jioni ile Shosho aliniomba karai la maji moto na mafuta ya taa kidogo. Nyayo zake zilikuwa za kahawia, zinanata. “Ni matope,” alisema kabla sijauliza. Nilimsugua hadi ngozi ikawa nyekundu, nikanyamaza.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu, tukiwa tunakunywa chai, maneno yalinitoka: “Baba, ni Shosho aliyekanyaga.” Shosho aliweka kikombe chini taratibu. “Nilitaka kunusa kama ni oili,” alisema. “Nilikosea. Mwite huyo kijana.” Barasa alipokuja, Shosho alimwomba msamaha mbele yetu sote, na baba naye akamshika mkono akasema pole. “Ni sawa, mzee,” Barasa alijibu, lakini hakugusa chai aliyomiminiwa. Alimaliza kazi siku iliyofuata. Baba alipomwita baadaye atengeneze jikoni, alisema yuko Naivasha, na kila alipoitwa alikuwa Naivasha. Shosho aliishi na sakafu ile hadi mwisho wa maisha yake, na haikutoa doa hata moja.

Sasa nina nyumba yangu hapa Nakuru. Mwezi uliopita fundi alikuwa akiniwekea vigae bafuni, nami nikimtazama kwenye simu nikiwa kazini, kupitia kamera niliyoiweka juu ya mlango. Ghafla aliinua uso, akaiangalia, akaniuliza kwa adabu, “Madam, unaniona vizuri, ama nisogee?”

Aibu ilinishika, nikaizima. Nilimkumbuka Shosho akimwomba radhi fundi mbele ya mwanawe, nikajiambia kwamba jioni nitamwomba fundi wangu pia. Baada ya dakika kumi nikaiwasha tena.