Kona Aliyosifiwa Baba

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na vumbi la chuma, mabega yangu huinama yenyewe kabla akili haijaniambia kwa nini. Juzi ilinikuta Gerezani, mtaa wa mafundi hapa Dar, nilikokwenda kununua bawaba za mlango. Kijana mmoja alikuwa anasugua silinda ya injini, anamwagia mafuta ya taa, na ule uji mweusi unatiririka taratibu kuelekea mtaroni. Nikasimama. Muuza bawaba akadhani sijapenda bei. Hakujua kwamba nilikuwa nimerudi kuwa msichana wa darasa la nne, nimevaa gauni la kanisani, natafuta pa kuficha uso.

Baba yangu, Fundi Anaeli, alikuwa na karakana ya kuchonga injini pale pale Gerezani, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Mashine yake kubwa ya kukereza vyuma aliinunua kuukuu kutoka kiwanda kilichofungwa. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo, injini ikifa, gari liliwekwa juu ya mawe na kuku wakataga chini yake. Sasa injini zilizokwishatumika ng'ambo zilikuwa zinashushwa bandarini na kupangwa kwenye baraza za Kariakoo kama viazi, na kila mwenye duka la kanga alitaka kuwa na basi. Injini nyingi zilifika zimechoka, na zilizochoka zaidi zilipitia mikononi mwa baba.

Naomba mnivumilie kidogo niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa aibu yetu. Bloku ni ule mwili wa injini, chuma kizito chenye matundu makubwa ambamo pistoni hupanda na kushuka. Tundu likilika, baba alilitanua kwa mashine, kisha akachomeka ndani yake bomba jipya la chuma, ambalo mafundi huliita slivu. Slivu ilikuwa na ukingo juu kama ukingo wa kofia, na ukingo huo ulikalia kidaraja, kama kipandio kidogo cha ngazi, alichokichonga baba kwenye mdomo wa tundu. Sifa yote ya baba ilikuwa pale kwenye kidaraja. Kona yake ya ndani ilikuwa kali na safi, kama pembe ya sanduku jipya. Mafundi wa Ilala walikuja kupitisha kucha pale, wakatikisa vichwa, wakarudi kwao kuiga. Waliiita kona ya Anaeli. Mimi nilijivuna nayo kana kwamba nimeichonga mwenyewe. Darasa la Jumapili mwalimu alipotusomea habari za Lazaro, niliwanong'oneza wenzangu kwamba baba yangu hufufua hata injini.

Mzee Elinami alikuwa mtu wa kwetu, wa kijiji kimoja na baba huko Kilimanjaro, na duka lake la vitenge vya jumla lilikuwa Kariakoo katikati. Alipopata basi, bloku yake ikawa mbovu. Akanunua nyingine kwa Mzee Jayanti, Mhindi muuza vipuri ambaye duka lake lilitazamana na karakana yetu, akamletea baba aitie slivu. Baba aliifanya kazi ile kwa upendo. Nakumbuka alipomaliza alimwita mama aje kutazama, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kusifia vyuma, alisema imependeza kama sufuria mpya.

Basi likafanya kazi vizuri miezi kadhaa. Kisha mama yake Mzee Elinami akafariki.

Bibi Nderingo alikuwa amelea nusu ya watoto wa watu wetu mjini. Wazazi wetu wakiwa madukani, sisi tulikuwa barazani kwake, tukila ndizi na kukaripiwa. Joto la Dar hakulizoea kamwe. Alisema joto hili linaweza kuozesha chumvi, na kila mara alimwambia mwanawe: "Nikifa, nirudisheni mlimani upesi, nisiharibikie kwenye jasho lenu." Tulikuwa tunacheka. Yeye hakuwa anacheka.

Tuliondoka alfajiri, basi limejaa, jeneza limewekwa nyuma na kufunikwa kitambaa cheupe, wanawake wanaimba nyimbo za kanisani. Baba alikaa karibu na dereva, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza injini yake. Nilikuwa naona shingo yake tu, na hata shingo ile ilikuwa na fahari.

Tulipopita Segera moshi mweupe ukaanza kutoka nyuma. Dereva akasimamisha gari. Baba akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya injini. Alikipangusa kijiti kwa kitambaa chake cha mfukoni, taratibu, akakirudisha mahali pake kana kwamba kazi hiyo ilihitaji uangalifu mkubwa.

Jua lilipanda. Pande zote ni mashamba ya katani, hakuna kivuli cha kutosha hata mbuzi. Sitasema mengi kuhusu joto la siku ile na jeneza lile. Mtaelewa. Magari yalipita yamejaa, na mwishowe lori moja likasimama, lililokuwa linarudi Moshi na kreti za chupa tupu za soda. Wanaume walilipandisha jeneza juu ya kreti. Hapakuwa na mahali pengine. Mzee Elinami alipanda pamoja nalo, akalikumbatia lisiteleze, na tai yake nyeusi ikawa inapepea. Lori lilipoondoka, chupa zote zililia kwa pamoja. Wanawake walianza wimbo, lakini kelele za chupa ziliumeza, wakaacha. Tulibaki barabarani tukizisikiliza zikienda, kachang'a, kachang'a, mpaka kilimani.

Tulisikia baadaye kwamba lori lilifika waombolezaji wameshatawanyika. Bibi Nderingo alizikwa kesho yake na watu wachache, haraka haraka.

Tuliporudi Dar, habari ilikuwa imetutangulia. Watoto wana werevu wao. Nilipopita uwanjani shuleni, mmoja aliweka mkono mdomoni akafanya kachang'a. Wengine wakadakia. Hata kwenye kwaya ya watoto, tulipokuwa tunasimama kwa mstari, nilisikia kachang'a ndogo nyuma ya sikio langu. Nilikuwa naungua masikio mpaka shingoni. Lakini nilikuwa na kitu kimoja cha kujifunikia. Kila mtu mzima alikuwa anasema kosa ni la Mzee Jayanti, amemuuzia Elinami chuma kilichokufa. Nami nikawajibu watoto hivyo hivyo, kwamba ni bloku ya Mhindi, si kazi ya baba.

Baba aliifungua injini. Siku nzima hakula. Jioni alirudi nyumbani na kipande cha bloku alichokikata penye ufa, akakiweka mezani, juu ya sahani, kando ya mboga. Mama alikitazama kama mtu aliyeletewa panya.

"Njoo uone," baba akaniambia.

Uso wa ufa haukuwa kama nilivyodhani. Ulikuwa na mistari, mmoja nje ya mwingine, inapanuka kama mistari ya ganda la kombe. Baba akafuata mistari ile kwa ncha ya kijiko, kutoka nje kwenda ndani, mpaka ikaishia kwenye nukta moja. Nukta ile ilikuwa kwenye kona ya kidaraja.

Alitueleza kwa sauti ya chini. Kila mlipuko ndani ya silinda huuvuta mwili wa bloku kidogo, huuachia, huuvuta tena. Chuma huvumilia, lakini huchoka kama mtu. Kwenye kona kali mvuto wote hujibana mahali pamoja. Kona ingekuwa ya mviringo kidogo, kama kitako cha kikombe kwa ndani, mvuto ungeenea na kupita. Ufa ulizaliwa pale tangu zamani, ukawa unatembea safari kwa safari, na hakuna aliyeusikia.

"Chuma hakivunjiki siku ile unayokiona kimevunjika," akasema.

Mama akauliza, "Na bloku yenyewe ya Jayanti?"

"Nzima. Haina kasoro."

"Basi kifunike hicho," mama akasema, "na usimwonyeshe mtu."

Jumapili ile, baada ya ibada, watu wa kwetu walikutana uani kwa Mzee Elinami. Watoto tulikaa kwenye mkeka karibu na mama zetu. Maneno yalianza polepole, yakapata moto. Mmoja alisema Wahindi wanatuletea makaburi kwa meli. Mwingine akapendekeza kesho waende wote dukani kwa Jayanti, wamtolee vipuri vyake barabarani, aone. Vijana wakakubali. Niliona mama ameushika mkono wa koti la baba na kuuvuta chini, mara ya kwanza, mara ya pili. Baba akasimama hata hivyo. Mfukoni alitoa kipande kile, amekifunga kwa kitambaa.

"Bloku ya Jayanti ilikuwa nzima," akasema. "Ufa umeanzia kwenye kona niliyoichonga mimi. Niliichonga kali mno. Nilikuwa napenda isifiwe."

Hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea. Baba alibaki amekishika mbele yake kama mtoto anayeuza karanga kwa watu walioshiba. Mzee Elinami alikuwa kwenye kiti, macho mekundu.

"Kwa hiyo, Anaeli, mama yangu amelala juu ya chupa za soda kwa sababu ya kona?"

"Ndiyo, kaka."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inifunike. Si siku ya moshi mweupe, si siku ya lori. Ni pale, kwa lile "ndiyo" lisilo na nyongeza. Nilihisi uani kote macho yananigeukia, ingawa sasa najua hakuna aliyekuwa na haja ya kunitazama mimi. Baba alikuwa ameichukua ile nguo moja niliyokuwa najifunika nayo, akaivua mbele za watu.

Njiani kurudi nyumbani Ilala mama alizungumza mara moja tu. "Umewapa kisu," akasema, "na ukawaonyesha pa kukata."

Ilikuwa kweli. Wateja wa mabasi walipungua, wakaisha. Mzee Elinami alilipeleka basi lake kwa fundi mwingine, na tangu siku ile, kila alipokutana na baba, alitazama pembeni. Lakini asubuhi iliyofuata kikao kile, Mzee Jayanti alivuka barabara na glasi ya chai mkononi. Hakuna aliyejua nani kamwambia. Alisimama mlangoni mwa karakana, akazungumza kuhusu maji ya mvua yaliyojaa bonde la Jangwani, akamaliza chai yake, akarudi dukani. Baada ya hapo akawa anafanya hivyo kila asubuhi.

Mngedhani baba angejificha. Badala yake alianza kutembelea karakana za wenzake, Gerezani na Ilala, zile zilizoiga kona yake. Jumamosi, mama akiwa sokoni, ilinibidi niandamane naye. Aliingia, akasalimia, akafungua kitambaa, akaeleza mistari, kisha akawaonyesha jinsi ya kuizungusha ncha ya kisu cha mashine kwenye jiwe la kunolea ili kona itoke na mviringo, na jinsi ya kuilainisha isibaki hata mkwaruzo ambao ufa ungeweza kuanzia. Wengine walicheka. "Fundi Anaeli siku hizi ni mhubiri," walisema, "anatembea na dhambi yake mfukoni." Mimi nilisimama nikisoma maandishi kwenye madebe ya oili, nikiomba amalize. Sikuelewa kwa nini mtu aliyekwisha kuaibika mara moja aende kuaibika mlango kwa mlango.

Karakana haikufa, lakini haikurudi kuwa ile ya zamani. Baba alichonga vitu vidogo, injini za mashine za kusaga, pampu, chochote kilichokuja. Na basi la Mzee Elinami lilitengenezwa, likarudi barabarani, likawa linapita Msimbazi kila siku. Baba alikuwa na tabia iliyonitesa. Likipita, aliacha kazi, akaja mlangoni, akainamisha kichwa mpaka lipotee. Nilidhani ni toba. Nilidhani anajiadhibu mbele ya mtaa mzima, na kila nilipomkuta hivyo nilipita upande wa pili wa barabara.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazeeka na amerudi mlimani, nilikutana na Fundi Rajabu wa Ilala kwenye harusi. Nilimwamkia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia, akacheka kwa furaha. Akaniambia yeye ndiye aliyepewa kazi ya basi la Elinami baada ya ule msiba, na kwamba alitaka kuichonga kona kali kama alivyozoea. Baba yangu akaja akakaa naye mchana kutwa, akainoa ncha ya kisu kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba kitu kimoja tu, asimwambie mwenye basi. Elinami angekataa, na bloku ingechongwa kona kali vile vile tena.

"Injini ile imekwenda Moshi na kurudi mpaka gari lenyewe likaisha bodi," Fundi Rajabu akasema. "Bloku haikupata ufa. Na sisi wote tunachonga vile sasa. Hawa vijana hawajui hata imetoka wapi."

Nilitoka nje ya ukumbi nikasimama peke yangu kwenye maegesho. Nikamwona tena baba mlangoni mwa karakana, kichwa upande mmoja, mikono nyuma, na basi linapita na Mzee Elinami amekaa mbele akitazama pembeni. Hakuwa anajiadhibu. Alikuwa anasikiliza injini, na alichokisikia kilikuwa kinampendeza.