Wiki Tuliyofukua Uwanja wa Kokoto

Hii habari inanionyesha mjinga. Nasema mapema ili mtu asijisifu kwamba ameligundua mwenyewe. Na msinicheke nikisema enzi zetu. Mtu wa miaka ishirini na saba naye ana enzi zake, hasa akiwa amekulia Mwakitolyo, ambako leo mtaa upo, kesho ukisikika uvumi wa dhahabu mpya mahali, mtaa mzima umehama na mabati yake.

Enzi zetu jioni ilikuwa na kelele zake. Makarasha yanasaga mawe kule bondeni, ng'ombe wanarudi na vumbi lao, kuna mama anaita mtoto ambaye anasikia kabisa ila hataki kuitika. Huyo mtoto yuko uwanjani na sisi. Uwanja wenyewe ulikuwa mteremko, timu iliyoanzia juu ikifunga tunasema imesaidiwa na kilima. Pembeni pamezungushiwa minyaa. Mpira ukiingia humo anaufuata aliyeupiga, maana ule utomvu ukikurukia jichoni unalia mpaka unasahau mlikuwa mnaongoza ngapi. Tulicheza chandimu, mpira wa kufunga wenyewe kwa soksi na mifuko ya plastiki, na nahodha alikuwa yeyote aliyekuja na michembe, vile viazi vya kukausha, mfukoni. Michembe ikiisha, unahodha nao umeisha.

Timu ya wakubwa iliitwa Kokoto FC, na kwetu sisi hakukuwa na timu nyingine duniani. Aliianzisha Kocha Masanja, fundi baiskeli, baada ya kuchoka kuona vijana wakitoka kwenye mashimo ya dhahabu wanakwenda moja kwa moja kwenye pombe. Uwanja aliuomba kwa mzee mmoja mfugaji, akapewa kwa sharti kwamba ng'ombe wapite wakati wowote wanapotaka. Kwa hiyo mechi zetu zilikuwa na mapumziko mawili, ya refa na ya ng'ombe. Jezi tulipewa na Mhindi mmoja mwenye duka Kahama. Mtu mwema sana, ila zilikuwa zimebaki stoo, na zote zilikuwa namba tisa. Timu nzima namba tisa, na golikipa humo humo. Refa akitoa kadi ya njano anaandika kwenye karatasi: tisa mrefu, tisa mwenye kidonda. Siku moja alimtoa nje tisa ambaye hata kuingia alikuwa hajaingia.

Halafu kulikuwa na suala la mistari. Chokaa ilikuwa haipatikani, Kocha akaamua tuchore kwa marudio, ule mchanga unaobaki mialoni baada ya mawe kusagwa na dhahabu kuoshwa. Ulikuwa umejaa tele na ukikauka unaonekana mweupe kabisa. Kila Jumamosi sisi watoto tulibeba ndoo, tukachota kwa mikono, tukamwaga kufuata kamba aliyoivuta Kocha. Siku hizi tunaambiwa mchanga ule una zebaki. Wakati ule hakuna aliyetuambia, tulijipaka usoni tukatishana. Miaka sita mfululizo marudio yalimwagwa palepale. Nyie likumbukeni hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Golikipa wetu alikuwa Doto, kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Mchana alikuwa anavuta viroba vya mawe kwa kamba kutoka shimoni, jioni anasimama golini anatuambia tupige. Mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa umefika nyumbani. Mwaka nilipokuwa darasa la sita, Kocha Masanja alizunguka na baiskeli yake mpaka akampata kocha wa timu moja ya Shinyanga mjini, naye akakubali kuja Jumapili kumtazama Doto kwenye mechi yetu na watu wa Segese. Akimpenda, anaondoka naye. Hakuna nyumba ambayo haikujua. Mama Kulwa, mama yake Doto, alikuwa ameshaazima begi.

Basi Jumanne ya wiki hiyo Kocha alikuwa Kahama, amefuata spea na nyavu. Masika ndiyo kwanza yameisha, mistari ya mwaka jana imezama kwenye udongo, majani yameota juu. Doto akasema tumpigie penalti mmoja mmoja. Zamu yangu ikafika. Nikarudi nyuma kwa madaha, nikaja mbio, nikateleza. Mpira ukajiburuta wenyewe, Doto akausubiri, akausimamisha kwa kidole cha mguu huku anapiga miayo. Wenzangu walianguka chini kwa kicheko.

"Jilala," Doto akaniambia, "hiyo ni penalti au umenitumia salamu?"

"Kaka, hapa pana dhahabu. Mguu wangu umekataa kukanyaga mali."

"Haya, osha tuone."

Mtu kama mimi ukimwambia osha, anaosha. Nikachota udongo palepale nilipoteleza, tukaazima karai kwa Mama Kulwa, nyumba ilikuwa nyuma ya goli. Kuosha tulikujua kabla ya kujua kuandika: unazungusha maji, unamwaga taratibu, udongo mwepesi unaondoka, kilicho kizito kinabaki pembeni. Uso wa kuwadanganya nilikuwa nimeshauandaa. Nikamwaga maji ya mwisho, na pembeni mwa karai pakabaki kamstari ka njano, kembamba kama unyusi wa mtoto mchanga. Kweli kabisa. Ule uso nilioandaa sikuutumia.

Doto akalichukua karai, akaligeuza kwenye jua. "Umechota wapi?"

"Hapo hapo."

Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali na mtu mkubwa halafu akasubiri jibu. Tangu hapo nikawa najibu kila swali.

Jumatano saa nne asubuhi uwanja ulikuwa na watu kuliko mechi yoyote tuliyowahi kucheza. Sururu, makoleo, mama ntilie na sufuria zake, wauza dagaa wa Nkome wameshaweka meza. Mbele ya wote yuko mchimbaji mmoja tuliyemwita Fundi Mwamba, kwa sababu alikuwa anausoma mwamba kama barua. Alipima pale niliposema, akapata. Akasogea, akakosa. Akasogea upande wa goli, akapata tena, akaanza kuufuata mkanda wa dhahabu. Ukanyooka hatua nyingi sana, halafu ukapotea. Akapima kulia, ukaonekana.

"Mkanda umekata kona," akatangaza.

"Unakataje kona kama ukuta wa nyumba?" akauliza mama mmoja wa dagaa.

"Mayu, mwamba una tabia zake."

Mimi nikatikisa kichwa pembeni yake, kama wataalamu wawili tuliokwisha kuona mengi. Watu walikuwa wananiita Bosi Jilala. Nilipewa maandazi ambayo sikuyaomba. Nyumbani mama aliniambia, "Wewe unajua nini kuhusu mwamba, na hesabu ya saba mara nane inakutoa jasho?" Nikamwonea huruma, nikaona hajui kwamba mwanawe ameshatoka kimaisha.

Alhamisi walifika katikati ya uwanja. Huko mkanda ukaanza kupinda. Ukapinda, ukapinda, mpaka ukarudi ulipoanzia. Fundi Mwamba akavua kofia.

"Huu umezunguka," akasema kwa sauti ndogo. "Huko chini kuna kitu kikubwa, mkanda umekizunguka."

Na wengine wenye kofia wakavua zao.

Ijumaa mchana Kocha Masanja akarudi. Nyavu mpya zimefungwa kwenye keria ya baiskeli. Akapanda kichuguu kilichokuwa pembeni ya kona, akasimama juu akitazama, na sisi chini tukimtazama yeye.

"Nani amewaambia mfukue mistari yangu?"

Hakuna aliyeelewa.

"Hilo boksi la penalti," akaonyesha kwa mkono. "Ule mviringo wa kati. Hiyo kona. Miaka sita tunamwaga marudio hapo kila Jumamosi. Marudio hayakosi vumbi la dhahabu, nyie wenyewe mnajua. Mmechimba chaki ya uwanja."

Fundi Mwamba akanyoosha mkono.

"Kocha, samahani. Kwenye nafasi kati ya mstari na mstari, mmewahi kumwaga?"

"Hatujawahi."

"Basi hapo ndipo tulipokuwa hatujajaribu."

Watoto wote wakawa wananitazama mimi, maana mwaka mzima uliopita ndoo ilikuwa yangu. Kocha naye akageuka. Maneno yote ya Bosi Jilala yalinikimbia, likabaki moja.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba," akajibu. Mtu amefukuliwa uwanja mzima na bado anaitikia salamu. Ningepigwa kofi ningepata nafuu.

Lakini bado kulikuwa na Jumamosi. Mitaro mingi ilikuwa ya kufika magotini tu, na Kocha alisema tukifukia wote, Jumapili mpira utachezwa. Mama aliniamsha kabla ya jogoo. "Kila shimo ulilolisema, nenda ukalifukie." Walikuja wengi, hata wale waliochimba, kina mama na majembe, Mama Kulwa na karai lilelile. Tulishindilia kwa miguu, tukaimba. Mpaka saa tisa uwanja ulikuwa umerudi kuwa uwanja, isipokuwa sehemu moja. Kwenye goli la chini, katikati ya miti miwili, palikuwa na shimo la kina cha mtu mzima na zaidi, pana, kuta zake zinamomonyoka. Nani amechimba kwenda chini namna hii? Kila tuliyemuuliza alisema alilikuta. Tulimwaga udongo, mawe, matawi, ukiruka juu linazama. Kuhamisha goli hatukuweza, nyuma yake ni minyaa na nyumba, mbele yake udongo wote ulikuwa umelegea kama uji.

Jumapili watu wa Segese walifika kwenye Fuso wanaimba. Mgeni wa Shinyanga naye akafika na pikipiki, shati limepigwa pasi. Refa akalikagua goli la juu, akaenda la chini, akachungulia.

"Golikipa atasimama wapi?" akauliza.

Segese walipewa pointi bila kugusa mpira. Kocha Masanja alimwomba yule mgeni amtazame Doto hata kwa penalti tano kwenye goli la juu, lakini Doto hakuonekana, tukadhani ana hasira na hatukumlaumu. Mgeni alikunywa soda yake, akasema atarudi siku nyingine. Nadhani hata yeye alijua hatarudi. Mama Kulwa alilirudisha begi kwa mwenyewe, limekunjwa kama lilivyokuja.

Misimu miwili Kokoto ilicheza ugenini tu. Wachezaji wakapungua, kila uvumi wa dhahabu ukichukua wawili watatu, na jezi zikaondoka nao. Ukiwa Geita huko ukamwona mtu na jezi ya kijani iliyopauka namba tisa, msalimie vizuri, huyo ni wetu. Timu ilikuja kufufuka baadaye, ndogo, na Kocha Masanja mpaka leo anakaa kwenye kiti chake cha plastiki pembeni, baiskeli imelala nyuma yake.

Uwanja bado upo. Masika yakija, pale tulipochimba udongo unatitia na maji yanasimama, na ukipanda kwenye kichuguu unaona boksi, mviringo na kona, vyote vimechorwa kwa maji. Watoto wa siku hizi hawajui kwa nini. Wako na simu, wanamjua golikipa wa Ulaya na mke wake na mbwa wake, ila ukiwapa soksi na mifuko wanakuuliza hivi vya nini. Siwalaumu. Mpira wanaoutazama ni mzuri kuliko wa kwetu, hauna ng'ombe kipindi cha pili. Nawaonea huruma kidogo tu, kwa sababu yule golikipa wa kwenye simu hawezi kuwaambia "haya, piga," halafu akasubiri kwa miayo. Sisi tulikuwa na wa kwetu, tunayajua mpaka makovu ya mikono yake, na mimi nilikuwa nimemnyima Shinyanga. Miaka kumi na mitano nimetania watu wote wa hapa, Doto sikuwahi kumtania.

Mwezi uliopita nilimkuta anatengeneza pampu ya maji, peke yake. Ana watoto watatu sasa, mvi mbili tatu. Nikachuchumaa, nikasema nililotaka kulisema siku zote. "Kaka, nisamehe kwa ile wiki. Mdomo wangu ndio ulikunyima timu."

Hakunitazama. Akaendelea kukaza nati mpaka ikakaza.

"Jilala, mimi nilikuwa nadaka mipira ya watoto," akasema. "Segese walikuwa na jamaa anapiga mpira huuoni. Wiki nzima nilikuwa silali, namwona mama na lile begi, nawaza nikifungwa mabao matano mbele ya mgeni nitamwambia nini. Lile shimo la golini ni langu. Nililianza Alhamisi, na Ijumaa Kocha aliposema ni mistari tu, mimi nikarudi nikaongeza. Hakuna wa kunichunguza, kila mtu alikuwa anachimba." Akajifuta mikono kwenye suruali, akanipa spana nimshikie. "Ila kwa Kocha acha ibaki ni wewe. Ameshakuzoea."