Vidole Vyangu Shavuni mwa Mwanaidi

Wazazi wetu hawapo, na mdogo wangu Mwanaidi namlea mimi. Wiki iliyopita alitokwa na malengelenge shavuni. Niliogopa ni ndui, watu wa afya wasije wakaniondolea mtoto. Kila jioni nikitoka kubangua korosho nilimpaka mafuta ya nazi, na kila nikimpaka malengelenge yalizidi.

Hospitali niliwaambia watu wasitusogelee. Benchi zima likahamia nje.

Nesi, mama mtu mzima, akauliza, "Kazi yako nini, mwanangu?"

"Nabangua korosho."

"Lete mkono." Akauweka shavuni mwa Mwanaidi. Vidole vyangu vyeusi vikaangukia sawasawa juu ya malengelenge, kimoja kimoja. "Mafuta ya maganda ya korosho haya, yanaunguza ngozi. Mkoshe kwa sabuni, na mikono yako usimguse nayo."

"Sasa tukae?" akauliza bibi mmoja wa lile benchi, akichungulia mlangoni.