Kicheko cha Muhindo

Mwaka wa 2012, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita pale Mweso, shirika moja lilinipa kazi ya kuchekesha watu. Masomo ya saikolojia nilikuwa nimeyaacha katikati, lakini nusu diploma ilitosha. Kila asubuhi wanawake walikaa kwenye hema kubwa, nami nikawaambia: tuvute pumzi, tupige makofi, tucheke hata bila sababu. Mwili hautofautishi kicheko cha kweli na cha uongo. Tension, yaani presha ya damu, inashuka, usingizi unakuja. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma mpaka mwisho.

Emérita aliletwa na muuguzi kwa sababu alikuwa hapati usingizi. Alikuwa mkulima wa maharagwe kutoka Nyabiondo, na alikuwa na uso ambao nzi angetua puani akapumzika bila wasiwasi. Mume wake, Muhindo, mfanyabiashara wa upande wa Butembo, alipakia chumvi na sabuni kwenye pikipiki, akashika njia ya Kibua. Pikipiki ilionekana baadaye, imepandwa na watu wengine. Muhindo hakuonekana, si mzima, si maiti.

Emérita aliishi chini ya turubai moja na mama mkwe wake, Mama Léontine, na huyo alikuwa ameweka sheria: bila maiti hakuna matanga, na hakuna kucheka.

"Mwenye atacheka mu hii nyumba mbele ya Muhindo kurudi, huyo njo atakuwa amemuzika."

Basi Emérita hakuwa mke, hakuwa mjane. Aliteka maji, alipika, alikaa. Hakulia pia. Usiku alilala macho wazi akisikiliza mama mkwe naye akijifanya amelala.

"Sasa Mama Emérita, kama haucheki, utafanya nini huku kwetu?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Muuguzi alisema nikuje. Nimekuja."

"Lakini huku tunacheka tu."

"Weye cheka. Mi nitaangalia kama utapona."

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hapana. Siku zilizofuata alifungua mdomo pamoja na wengine, lakini ilitoka "ha, ha, ha" ya mtu anayehesabu magunia. Jirani yake Béata alimwambia, "Dada, hiyo kicheko yako, kuku atakimbia."

"Akimbie. Nani iko na chakula ya kumupa?"

Asubuhi moja nikaleta zoezi jipya: kila mtu aige kicheko cha mtu anayemjua. Béata akaiga padri. Mwingine akaiga askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, aliyepewa sigara, kisha akatazama mlango kwanza ndipo akakaa. Zamu ya Emérita ikafika. Akafikiri.

"Ya Muhindo inafaa?"

Sheria ya Mama Léontine ilijulikana kambi nzima.

"Kuiga haiko kucheka," Béata akasema.

Emérita, uso ule ule, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, yenye mlio, halafu ikatoka vipande vipande kama pikipiki inayokataa kuwaka mlimani. Akamaliza kwa kupiga paja. Hakuna aliyecheka. Kilikuwa kicheko cha mwanaume kabisa.

Turubai la mlangoni likafunguliwa kwa nguvu. Mama Léontine alisimama pale na ndala mguu mmoja, mikono imejaa unga wa mihogo, macho yakipita kwetu mmoja mmoja.

"Iko wapi?"

Akasukuma wawili wa mbele, akatazama nyuma yao.

"Nimemusikia. Mutoto yangu iko wapi?"

"Ilikuwa miye, Mama," Emérita akasema.

Nilidhani atampiga. Akakaa chini palepale aliposimama.

"Rudilia."

Emérita akarudia.

"Hapana. Muguu, alikuwa anapiga mara mbili."

Emérita akarudia tena, akapiga paja mara mbili. Ndipo ikamtoka yule mama: mlio ule ule wa pua, vipande vile vile. Tukajua Muhindo alikirithi wapi. Alicheka mpaka akaegemea bega la Béata, kisha kikakatika ghafla. Akajipangusa mdomo, unga ukabaki shavuni.

"Nimecheka," akasema.

"Ulikuwa unaiga tu, Mama," Emérita akamwambia. "Kuiga haiko kucheka."

"Mi sikuiga. Nimecheka." Akainuka. "Nimechoka kungojea, Emérita. Béata, niitie katekista. Na mutu anitafutie wembe."

Mchana ule ule majirani walileta kuni, wakakaa. Mama Léontine mwenyewe alimnyoa mkamwana wake, nje, kwenye kiti kidogo, kama mjane anavyonyolewa. Hakuna aliyelia. Nilisimama mikono nyuma.

"Inamisha," Mama Léontine akasema. "Sasa geuka."

Emérita hakugeuka. Alikuwa amelala usingizi, amekaa hivyo hivyo, mdomo wazi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado. Katekista akakohoa, akafungua kitabu aanze sala.

Mama Léontine akainua mkono wenye wembe.

"Papa, ngoja kwanza. Muhindo haiko tena na haraka."