Spika za Fundi Sikio

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Ukimletea spika mbovu, aliiwasha mara moja tu, tena akiwa amekupa mgongo, kisha akakwambia ugonjwa wake: "Karatasi imechanika," au, "Waya umelegea huko ndani." Miaka thelathini alifanya kazi hiyo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kati ya sumaku na makopo ya gundi, akiwacheka wasiojua kusikiliza. Na walikuwa wengi, kwa hesabu zake.

Bintiye, kitinda mimba, alirithi maradhi hayo ya sauti. Yeye alitengeneza muziki chumba cha nyuma, kwa kompyuta: besi nzito ya fanki, nyimbo za soul alizoimba mwenyewe, vinanda vya umeme, na ngoma alizotumiwa na marafiki wa mtandaoni kutoka mabara matatu. Ilikuwa albamu yake ya kwanza, na Ijumaa ilitakiwa ifike kwa kampuni iliyokubali kuitoa. Spika alizosikilizia aliundiwa na baba yake. Fundi alijivunia spika zile kuliko kazi yake yoyote.

Jumatano mchana binti alirudi uso umemshuka.

"Vipi tena, mama?" Fundi aliuliza.

"Watu wa kampuni wanasema nyimbo nzuri, ila zimefunikwa blanketi. Nimejaribu kwenye gari, kwenye simu, kwa wenzangu. Ni kweli, baba. Matoazi hayasikiki. Hapa nyumbani yanachoma masikio, nayapunguza. Nikitoka nje, yamekufa. Hii mara ya tatu!" Akajitupa kwenye kiti. "Mimi sina sikio. Kesho nawaandikia kwamba basi, naacha."

Fundi alifungua mdomo amcheke, kicheko kikamkwama. Yanachoma? Mbona yeye hakusikia ukali wowote? Akakumbuka alivyoziunda spika zile. Twita, ile spika ndogo ya juu yenye sauti kali, aliiona imepooza. Akaiongeza nguvu. Akaiongeza tena, mpaka akaridhika.

Akamkumbuka na mwenye saluni, aliyerudisha spika mara mbili akilia kwamba zinamtoboa masikio. Fundi alimjibu akajifunze muziki. Na birika! Kila asubuhi mkewe alimfokea: "Linapiga filimbi hapo ubavuni mwako, na wewe umekaa kama mgeni!" Fundi alishalifungua lile birika, masikini ya Mungu, akitafuta ubovu wa filimbi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa aliyekuwa akifa alikuwa mtu mwingine, ameketi mbele yake na macho mekundu. Fundi angeweza kunyamaza. Siku mbili zingepita, binti angetafuta kazi nyingine, na mtaa ungeendelea kumwita Sikio. Aliona aibu, tena aliogopa hasa. Fundi spika asiyesikia ni fundi wa nini?

"Usiwaandikie," alisema mwishowe. "Nipigie hayo matoazi peke yake, bila besi, bila kitu."

Binti akabonyeza. Fundi akasubiri, kichwa amekiinamisha. Nje mtu alikuwa akifagia, akamsikia. Spika hazikutoa kitu.

"Umeshaanza?" aliuliza.

Binti akamtazama. "Baba... yanapiga muda wote."

Fundi akashusha pumzi. "Basi sikio unalo, mwanangu. Mimi ndiye sina. Spika hizi nilizipandisha kwa sikio bovu, nawe ukawa unaipunguza kazi yako kwa ajili yake. Nisamehe."

Binti alisimama akamshika bega, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha Fundi akamwonyesha droo ya bisibisi.

"Hiyo ndogo. Lete."

Nyuma ya spika kulikuwa na skrubu ya kurekebisha twita. Miaka yote Fundi alifanya kazi akiwa amewapa watu mgongo. Leo aligeuza kigoda, akakaa uso kwa uso na bintiye.

"Piga tena, halafu inua mkono. Ikitosha, ushushe."

Akaanza kuzungusha polepole, hasikii chochote, macho hayabanduki kwenye mkono ule. Mkono ukashuka, naye akaacha.