Ule mkono wa hina mnaotumiana

Hili sijamwambia mtu: ile GIF ya mkono unaochora hina, mnayotumiana tangu asubuhi, nimeitengeneza mimi.

Mkono ni wa shangazi yangu. Nilimrikodi kule Chukwani akimpamba bibi harusi, mikono tu, sura sikuchukua. Aliniruhusu ili nijifunze kuchora. Kuisambaza sikumwomba.

Video ilikuwa ndefu na nzito. Nikabakisha ua moja tu, nikakata pale anaponyanyua mkono, ili mwisho uungane na mwanzo bila picha kuruka.

Leo mchana, tukiwa kazini, shangazi akaiona kwenye simu ya mteja.

"Huu si mkono wangu?"

Nikajua nimekwisha.

Akaitazama tena na tena.

"Ua linachorwa tu, haliishi! Aliyekata hii anajua wapi pa kunyanyua mkono."

Jamani, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa shangazi! Mimi huniambia nachora kama kuku aliyekanyaga hina.

"Nani huyu? Namtaka anitengenezee nyengine."

Nikainama, nikaendelea kukoroga hina.

Mnaomjua shangazi, tafadhali msinitaje. Nataka kumwambia mwenyewe, nikishapata ujasiri.