Nilitengeneza klima, nikamulowesha mama mukwe

Leo nimemulowesha mama mukwe wangu miguu, na nguo yake ya kuendea ndoa.

Asubuhi alikuja kwetu Mapendo nimupeleke Rutshuru, kwenye ndoa ya mutoto wa dada yake. Akaona maji inatona chini ya gari.

"Papa Neema, gari yako inavuja."

Ningenyamaza tu. Lakini munanijua.

Nikavua koti, nikaingia chini ya gari. Maji ilikuwa inatoka kwenye katiyo, kabomba kadogo ka klima, ile mashini ya kuleta baridi ndani ya gari. Nikakaziba na kipande cha tairi ya zamani, nikakaza na waya. Maji ikakatika.

"Mama, mekanisiye angetusumbua siku mbili kwa hii."

Akanishukuru sana. Tukaenda, vioo vimefungwa sababu ya vumbi, klima mpaka mwisho.

Karibu ya kufika, kwenye kona, maji yote ikatokea ndani ya gari, ikamwagikia miguu yake. Viatu vipya. Kitenge mpaka magoti.



Kufika, shemeji yangu, yeye ni shofere, akachungulia chini, akachomoa kale kazibo.

"Nani alifanya hii? Kila klima inatoaka maji. Haikuwa na ugonjwa."

Watu wakamuuliza mama: miguu imefanya nini?

"Nilikanyaga potopoto," akajibu.

Wiki tatu mvua haijanyesha. Wakatazama vumbi ya barabara, halafu wakanitazama mimi.

Niko nawaandikia ndani ya gari. Mwenye anajua namna ya kumuomba mama mukwe musamaha aniambie kabla mama amalize kula, maana mimi ndiye wa kumurudisha.